Ua Lililopewa Jina la Mbuzi Wetu

Yuko mbuzi mmoja, alikufa zamani na nyama yake tuliila, ambaye jina lake limeandikwa kwenye orodha ya mimea ya msitu wetu kana kwamba ni jina la ua. Kosa ni langu. Nililifanya nikiwa na miaka minane au tisa, nimevaa sare ya shule iliyopungukiwa vifungo viwili, mbele ya Mzungu, mbele ya Bwana Misitu na, kibaya zaidi, mbele ya bibi yangu. Nililibeba kimya miaka yote hiyo, na huenda ningezikwa nalo kama si kijana mmoja mwongoza watalii aliyesimamisha gari mbele ya kitalu changu.

Nina kitalu cha miche kando ya barabara ya kwenda Ngorongoro, ukishaipita Karatu mjini. Nauza parachichi za kubebesha, migrivea, na maua ya kupamba mahoteli. Kwenye uzio nimeotesha mmea mmoja usiouzwa. Ni mmea wa kutambaa, ukiuvunja shina unatoa utomvu mweupe, na ua lake ni kengele ya rangi ya chungwa yenye mishipa myekundu, linaning'inia likitazama chini. Mbegu yake niliitoa msituni juu ya kwetu. Kijana yule aliwapeleka wageni wake moja kwa moja kwenye ua hilo. Akawaambia kwa Kiingereza kwamba wenyeji wanaliita Memeda, na kwamba maana yake ni bibi harusi anayemngojea mume wake, ndiyo maana ameinamisha kichwa. Wageni wakaguna kwa utamu wa habari. Mimi nilikuwa nimeshika kopo la kumwagilia, na maji yakawa yananimwagikia mguuni.

Walipotawanyika kupiga picha nikamvuta pembeni.

"Mwanangu, hilo jina umelitoa wapi?"

"Limeandikwa, mama." Akachomoa kitini cha mafunzo yao, akaniwekea kidole kwenye mstari wenyewe. Kweli lilikuwepo, pembeni ya jina la Kilatini: Memeda.

"Na ya bibi harusi imeandikwa wapi?"

Akacheka, akashusha sauti. "Hiyo ya kwangu, mama. Wageni wanapenda stori."

"Memeda ni mbuzi."

"Mbuzi?"

"Mbuzi wetu. Mweusi, sikio moja limekatika."

Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyekaa juani muda mrefu. "Mama, shikamoo, lakini kitabu hakiwezi kukosea hivyo," akasema, akaenda kuwafungulia wageni milango ya gari.

Jioni ile nilikuwa nafunga miche ya mteja kwa magazeti yaliyolowa. Taa ya chemli ilikuwa inavuja mafuta pale pale mezani. Karatasi mbichi, majani na mafuta ya taa vikachanganyika, na harufu hiyo ikanirudisha kule juu nisikotaka kwenda. Nilikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, na hasira ikanipanda ambayo sikujua kwamba bado ninayo.

Sisi ni Wadatoga. Hapa Karatu wengi wanatuita Wamang'ati, jina tulilobandikwa na watu waliopigana nasi zamani, na maana yake ni maadui. Nimeitwa hivyo shuleni na sokoni, na nesi mmoja aliwahi kuniita hivyo nikiwa nimebeba mtoto mgonjwa. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba nyumbani kwetu habari ya nani anampa nani jina haikuwa mchezo. Babu mzaa babu alifika kwenye ukingo wa msitu akiswaga ng'ombe, akabaki. Vizazi vilivyomfuata vikajifunza jembe kwa majirani Wairaqw, na nilipozaliwa mimi tulikuwa tunalima mahindi na maharage kama wao, ila ng'ombe hatukuwaacha.

Bibi, mama yake baba, alikuwa mwanamke mrefu mwenye michoro ya duara kuzunguka macho na bangili za shaba zilizomtangulia kila alikokwenda. Alivaa sketi yake ya ngozi hata siku ambazo wajukuu walimwonea aibu. Kiswahili alikielewa nusu na kukisema robo. Kila alipokwenda msituni kuokota kuni zilizoanguka alinichukua, na huko ndiko nilikolijua lile ua. Liliota kwenye shina la mti mmoja mzee sana, palipokuwa na tundu lililojaa ukoga na maji ya ukungu. Ndege chozi walikuja kulinyonya wakining'inia kichwa chini. Likishanyauka huacha tunda, na tunda lake Bibi alinimenyea. Lilikuwa tamu kidogo, lenye mbegu nyingi, na utomvu wake ulinata midomoni mpaka nifike nyumbani. Nyumbani tuliliita kwa maneno marefu ambayo kwa Kiswahili ni kama kusema "lile linaloinamisha kichwa". Bibi alisema hivyo, mama alisema hivyo, na sisi watoto tuliojifunza kusema kutoka kwao tulisema hivyo hivyo. Baba alikuwa mtu wa ng'ombe, habari za maua hazikumtoka.

Wageni walikuja mwisho wa mvua. Mzungu mzee mwenye ndevu nyeupe, mpole, magoti yakimsumbua, pamoja na Bwana Misitu wa eneo letu aliyemfasiria. Walipiga hema la kijani kando ya msitu, na sisi watoto tukahamia huko kwa macho. Walikuwa na mbao mbili zenye mikanda, na katikati yake magazeti chungu nzima. Kila walichochuma walikilaza ndani ya gazeti, wakanyoosha jani moja moja, wakafunika, wakakaza mikanda, kisha wakaviweka karibu na jiko la mafuta ya taa vikauke. Mimi niliamini wanapiga pasi maua. Niliwaeleza wenzangu kwa uhakika mkubwa kwamba Ulaya watu ni nadhifu mno, hata maua hayaruhusiwi kuwa na mikunjo. Walinisadiki wote, maana mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza darasani.

Siku ya tatu walitaka mtu wa kuwaonesha mti wa lile ua. Bibi akakubali, nami nikaenda kuwa mdomo wake: Mzungu aliongea na Bwana Misitu kwa Kiingereza, Bwana Misitu akaniambia kwa Kiswahili, mimi nikampa Bibi kwa lugha yetu. Sijawahi kujiona mkubwa kama siku hiyo.

Mzee yule alipoliona ua alivua kofia. Alikaa kwenye mzizi akalitazama bila kuligusa, halafu akaanza kutusimulia habari zake, na Bwana Misitu akafasiri akitabasamu. Kumbe ua letu lilikuwa limeshahangaika. Msafiri mmoja alilichuma mbali na hapa, akalipeleka kwao, na wataalamu wakasema ni ndugu wa maua fulani ya kengele yanayoota Ulaya. Mwingine akaja akasema hapana, ukoo wake ni mwingine, ndugu zake wako kisiwani huko baharini, akalihamisha. Mwingine tena akabishana nao juu ya idadi ya vipande vya ua, akalitenga. Mwishowe likabaki na jina la mwanaume mmoja, ili akumbukwe.

Bibi alisikiliza yote. Kisha akaniambia niulize.

"Anauliza, huyo mwanaume ndiye aliyelipanda?"

"Hapana," akajibu Bwana Misitu.

"Anauliza, alikula tunda lake?"

Bwana Misitu akauliza, Mzungu akacheka akatikisa kichwa. "Anasema hana hakika kama hata alifika hapa."

"Anauliza, sasa kwa nini?"

"Kwa heshima. Wenzetu wakimheshimu mtu, wanakipa kitu jina lake, watu walitaje daima."

Nilipomfikishia Bibi maneno hayo alijipiga paja akacheka mpaka bangili zikalia. "Makubwa! Wao wakimheshimu mtu wanamtajataja," akasema. Hilo sikulifasiri, niliona si adabu.

Ndipo Mzungu akatoa daftari na kalamu ya risasi. Bwana Misitu akaniuliza, "Na ninyi mnaliitaje?"

Nikamjibu mwenyewe haraka: lile linaloinamisha kichwa. Mzungu akaandika, akasita, akasema kitu. "Anasema hayo ni maelezo," akafasiri Bwana Misitu. "Anataka jina lenyewe. Muulize bibi yako, lazima lina jina."

Nikamuuliza. Bibi hakucheka tena. Alitazama chini, akavuta shuka lake begani, na baada ya muda akasema, "Hilo halipiti kinywani mwangu."

Basi. Hakuongeza. Na mimi nilisimama pale, wote wawili wakinitazama. Shuleni kwetu mtoto aliyeulizwa akatazama chini alikuwa na maana moja tu, na fimbo ilikuwa juu ya meza. Sikujua maana nyingine ya mtu mzima kutazama chini. Niliona bibi yangu, ambaye nilimwona anajua kila kitu, ameulizwa swali jepesi na limemshinda mbele ya wageni. Niliona aibu ikinipanda usoni, na uso ulikuwa wangu, si wake.

"Anasema hajui," nikasema.

Bwana Misitu akafasiri. Mzungu akaandika. Na nilipoona kalamu ile inatembea, nikajua kwamba kutojua kwa bibi yangu kunapelekwa Ulaya, nikashindwa kuvumilia.

"Lakini mimi najua!" nikapayuka. "Linaitwa Memeda."

Sijui kwa nini lilikuwa hilo. Mbuzi wetu ndiye aliyekuwa karibu na akili yangu; asubuhi ile alikuwa ametafuna kamba akanifanya nichelewe. Mzungu alifurahi. Alilirudia mara tatu ili alipate vizuri, "Memeda, Memeda, Memeda," na Bibi, ambaye Kiswahili kilimpita lakini mbuzi wake alimjua, akainua macho akanitazama.

Hakunikemea mbele za watu. Tulishuka na kuni zetu, yeye mbele, mpaka tulipofika kwenye mtaro wa shamba akatua mzigo.

"Umewapa mbuzi," akasema.

"Bibi, ulinyamaza! Watasema hujui."

"Nani alinyamaza?"

"Wewe."

"Mimi sikunyamaza. Nilikataa." Akanishika kidevu, si kwa ukali. "Wewe una shule na hujaijua tofauti? Nenda kamuulize baba yako babu yake aliitwa nani, na kwa nini. Umuulize zizini, usimuulize ndani ya nyumba."

Nilimkuta baba anamkamua ng'ombe. Aliangalia kwanza kama mama hayuko karibu, halafu akanitajia jina. Akanieleza kwamba mwaka aliozaliwa mzee yule kulikuwa na ukame mkali, nyasi za bondeni zikaisha, na mama yake akapanda na mifugo hadi msituni akiwa na mimba pevu. Alijifungulia chini ya mti uliokuwa na maua yale. Mtoto akapewa jina la ua; ndiye yule ambaye ukubwani alirudi na ng'ombe, akabaki hapa. Ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza neno lenyewe, neno moja fupi, na nikaelewa kwa nini sijawahi kulisikia. Kwetu mwanamke akiolewa halitaji jina la baba mkwe wake, awe hai au amekufa, wala la wazee waliomtangulia, wala neno lolote linalofanana nalo. Anatafuta maneno mengine ya kuzungukia, na wanawake wenzake wanayajua, na watoto wanayanyonya pamoja na maziwa. Bibi alikuwa amelizunguka jina lile tangu siku aliyoingia katika boma letu akiwa msichana. Mzee mwenyewe alikuwa amemfia mikononi. Mzee alimpenda, na Bibi alimpenda vilevile, na hiyo ndiyo heshima aliyompa: hata jina la ua halikumtoka.

Na mimi nilikuwa nimesema hajui.

Asubuhi nilikimbia hadi kambini bila kunywa uji. Nilikuta majivu, na mraba wa nyasi za manjano palipokuwa na hema. Niliita. Niliita kweli, nikapandisha njia ya gari mpaka pumzi ikaniishia, nikiwa na jina kamili mdomoni na hakuna wa kumpa. Nikarudi nikampiga Memeda kwa fimbo bila kosa lolote, na Bibi akaninyang'anya fimbo.

Hakuwahi kulisema tena jambo hilo. Alikufa nikiwa sekondari, na sikuwa nimemwomba msamaha, maana kila nilipojaribu alinituma maji.

Hayo ndiyo yaliyonikalisha kwenye ndoo jioni ile. Kesho yake nilipiga namba iliyokuwa nyuma ya kitini. Nikapitishwa kwa huyu na yule, nikaambiwa nisubiri, nikasubiri, nikapiga tena. Mtu mmoja aliniuliza kama nina ushahidi kwamba Memeda ni mbuzi. Nikamwambia tulimla. Mwisho nikampata dada mmoja mtafiti huko Arusha, kijana, mchangamfu, ambaye kazi yake ni hiyo mimea iliyokaushwa. Hakucheka. Wiki mbili baadaye alikuja mwenyewe.

Nilimpeleka nyumbani kule juu, kwa mama. Mama sasa ni mtu mzima, anatembelea fimbo, lakini maharage anachambua mwenyewe na hataki kusaidiwa. Dada yule akampa shikamoo yake, akaketi kwenye kigoda, akafungua simu akanionesha picha. Ndani ya picha lilikuwepo ua letu. Limelazwa kwenye karatasi nyeupe, rangi imegeuka kahawia, lakini mishipa bado inaonekana. Lilinyooshwa vizuri, bila mkunjo. Chini kulikuwa na kibandiko kilichopigwa chapa, akanifasiria: jina la Kilatini la zamani, limefuatwa na karatasi ndogo mbili za watu waliolibadilisha, jina la mchumaji, ukingo wa msitu juu ya Karatu, jina la wenyeji, Memeda, kwa mujibu wa mtoto. Kisha mstari wa mwisho. Mwanamke mzee aliyeulizwa hajui jina.

Memeda nilikuwa nimejiandaa kwa ajili yake. Mstari ule sikuwa nimejiandaa. Nilisimama nikaenda hadi kwenye uzio, nikarudi.

"Futa," nikamwambia.

"Mama, sisi hatufuti," akanijibu kwa upole. "Hata likiwa kosa. Ndio utaratibu wa kazi. Tunabandika karatasi mpya pembeni, na ile ya zamani inabaki, anayekuja baadaye asome zote."

"Kwa hiyo mbuzi anabaki?"

"Mbuzi anabaki."

Mama akacheka kwenye maharage yake.

"Basi bandika," nikasema. "Jina nitakupa. Mimi si mkwe wa yule mzee, mimi ni damu yake, kwangu linapita."

Kabla sijafungua kinywa mama akainua mkono. "Ngojeni kwanza nitoke." Nikataka kumshika mkono, akakataa. Akajiinua kwa fimbo, akajifunika shuka kichwani, akajikongoja taratibu hadi nyuma ya nyumba kwa mbuzi. Dada wa Arusha alimtazama mpaka alipopotea, kalamu imemsimama hewani. Tukasikia sauti kutoka nyuma: "Nimeshafika! Semeni, lakini msipige kelele!"

Nikalitaja. Nikalitaja tena polepole, akaliandika, akanisomea, nikamsahihisha, akaliandika upya. Nikamweleza ukame, mti, na mtoto aliyezaliwa chini yake. Halafu nikamwambia aongeze mstari.

"Andika: mwanamke aliyeulizwa alilijua. Alikataa kulitaja."

Akafikiri. "Labda tuseme 'hakulitaja'? Inakaa vizuri zaidi kitaalamu."

"Hapana. Asiye na la kusema ndiye asiyetaja. Bibi alikataa. Andika alikataa."

Akanitazama, akaandika alikataa. Nikamtaka anioneshe, nikasoma herufi moja moja kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, na machozi yakanitoka bila aibu yoyote.

"Mmemaliza?" mama akauliza kutoka nyuma.

"Tumemaliza, mama. Rudi."

Karatasi ile imeshabandikwa; dada alinitumia picha. Iko pembeni ya Memeda, na wataendelea kukaa pamoja, mbuzi wetu na babu yetu, hadi karatasi zitakapooza. Kijana mwongoza watalii nimemweleza kisa chote. Anasema hiki ni kizuri kuliko cha bibi harusi, na nimemruhusu kukisimulia kwa sharti kwamba Bibi asimfanye mjinga.

Mtakuwa mmegundua kwamba jina lenyewe sijaliandika hapa. Mama haoni vizuri siku hizi, kila kilichoandikwa husomewa na wajukuu kwa sauti, na hiki pia atataka kusomewa chote, akiwa ameketi kwenye kigoda chake, bila kulazimika kuinuka kwenda kwa mbuzi. Basi anayelitaka jina apande kwetu aniulize uso kwa uso. Na asitokee mtu wa kuandika popote kwamba mwenyeji aliyeulizwa hajui. Ninalijua. Nimekataa.